Tabora hadi Botswana na Coaster ya kulala: tupeni hesabu za kupatwa kwa jua Novemba 2030

Mnyamwezi wa Lami

Wakuu, salaam. Tuko watu wanne hapa Tabora, tumekubaliana kwenda kushuhudia jua likipatwa lote tarehe 25 Novemba 2030. Hoteli za ukanda ule zitawahiwa na wageni, kwa hiyo tutalala kwenye gari. Gari lipo: Toyota Coaster iliyotoka Japani, injini 1HZ, gia za mkono, viti 26. Viti tutang'oa, tubakize sita vya mbele; nyuma viingie vitanda, jiko na friji.

Tunataka kujua:

- Twende wapi hasa? Kuna wanaosema Durban, kuna wanaosema Botswana.
- Ni lazima kusimama katikati kabisa ya ukanda wa kivuli, au popote ndani yake panatosha?
- Coaster iandaliwe vipi ili itoboe zaidi ya km 7,000 kwenda na kurudi?
- Mpakani wanadai nini kwa gari la namna hii?

Jibuni kwa namba tafadhali. "Mtafika tu, Mungu akipenda" tunayo tayari.

---

Mwalimu wa Fizikia

Mkuu, nianze na swali la pili maana ndilo linaloamua la kwanza.

Siku hiyo kivuli cha mwezi kinaanzia Atlantiki, kinaingia Namibia, kinakata kona ya kusini-magharibi ya Botswana, kinavuka Afrika Kusini na kugusa Lesotho, kinatokea baharini pwani ya Durban, halafu kinakwenda zake hadi Australia. Giza refu kuliko yote, dakika 3 na sekunde 44, linaangukia katikati ya Bahari ya Hindi, na Coaster haielei. Kwenye nchi kavu kusini mwa Afrika mtapata kati ya dakika moja na nusu na dakika mbili.

Watu wengi hudhani ukitoka kwenye mstari wa kati muda unapungua sawasawa na umbali. Sivyo. Kivuli ni kama duara, na wewe unakatwa na kipande cha duara hilo. Chukua umbali wako kutoka mstari wa kati, ugawe kwa nusu ya upana wa ukanda. Jibu lizidishe kwa lenyewe, toa kwenye 1, kisha tafuta kipeuo cha pili. Hiyo ndiyo sehemu ya muda inayobaki. Tuseme ukanda una upana wa km 120 na katikati giza ni sekunde 100:

km 15 kutoka katikati: sekunde 97
km 30: sekunde 87
km 48: sekunde 60
km 57: sekunde 31

Ona kilichotokea. Nusu nzima ya njia kuelekea ukingoni imekula sekunde 13 tu, halafu km chache za mwisho zinakomba karibu zote. Kwa hiyo usihangaike kuegesha juu ya mstari. Baki ndani ya nusu ya kati ya ukanda, na humo chagua eneo kwa kuangalia mawingu, upeo wa mashariki na barabara ya kutokea. Ukiwa nje ya ukanda, hata kama jua limefunikwa asilimia 99, giza lenyewe hulioni: asilimia moja iliyobaki inatosha kuzima taji lote la jua, ule mng'ao hafifu unaolizunguka jua na kuonekana wakati wa giza tu.

Kuhusu saa. Majedwali ya NASA yameandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Botswana ni UTC+2, Tabora ni UTC+3. Giza kamili kwa upande wa Botswana linaangukia kati ya saa 1:15 na 1:30 asubuhi kwa saa za kule, yaani saa mbili na robo hivi kwa saa ya Tabora. Simu zitabadilika zenyewe mkishavuka Tunduma, saa ya mkononi haitabadilika. Wekeni saa moja ya gari kwenye UTC na msiiguse.

Jua linaanza kumegwa kama saa moja kabla ya giza. Wakati wa giza litakuwa nyuzi 20 na kitu tu juu ya upeo wa macho, upande wa mashariki ukielekea kusini kidogo. Nyosha mkono mbele, kunja ngumi: ngumi moja ni kama nyuzi 10. Mti, kichuguu au lori likizidi ngumi mbili kutoka mlalo, hapo si pa kusimama. Kaguaneni siku moja kabla, saa ileile ya asubuhi, maana jua la kesho yake litakuwa karibu palepale.

Sasa Durban au Botswana? Botswana. Novemba ni mwanzo wa mvua kusini mwa Afrika, lakini mawingu ya radi hujengwa na joto la mchana. Asubuhi mapema bara huwa na nafasi nzuri zaidi. Pwani ya Durban ina unyevu wa bahari na mawingu ya chini ambayo hayasubiri mchana. Namibia ni kavu zaidi, ila mwendo unaongezeka na pwani yake ina ukungu wa asubuhi.

Raha ya gari la kulala ni kwamba linahama. Tarehe 3 Novemba 2013, kule Sibiloi, kando ya Ziwa Turkana nchini Kenya, watu walikuwa wamejipanga vizuri kutazama jua likipatwa, upepo wa mchanga na wingu vikawafunika dakika za mwisho. Waliokuwa na mahema na ndege za kukodi hawakuwa na pa kwenda. Nyinyi mfike tarehe 22, muwe na vituo viwili vilivyoachana mbali, mwamue tarehe 24 saa sita mchana, na mkihama mhame kabla jua halijazama. Kuhama usiku sahauni. Wenzangu watawaeleza kwa nini.

---

Fundi wa Cheyo

Mkuu, 1HZ haina neno. Neno liko kwa anayepakia.

Taiming belti ya injini hii hubadilishwa kila km 100,000. Historia yake kama huijui, hesabu kwamba imeisha. Badili belti na tenshena yake kabla hujang'oa hata kiti kimoja. Ikikatika njiani vavu zinakutana na pistoni, na hiyo si kazi ya siku moja popote kati ya Mpika ya Zambia na Jwaneng ya Botswana.

Rejeta isafishwe, mipira yote ya maji iwe mipya, vibana vyake pia. Na naomba msikubali fundi awang'olee themostati eti "gari lipoe". Kwenye injini hii themostati ikiwa wazi inafunga pia njia ya mzunguko mfupi. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na mlimani na mzigo ndipo sindano inapopanda. Wekeni mpya. Kalahari mwezi wa 11 nyuzi 38 ni kawaida.

Umeme ndipo Coaster za kulala nyingi zinapofia. Gari la Japani la aina hii ni volti 24: betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo. Fundi anataka volti 12 za friji na taa, anachomoa waya katikati ya betri mbili, inawaka, anaondoka na hela yake. Kinachofuata: betri ya chini inaliwa kila siku, ya juu haiguswi. Alteneta inachaji zote mbili kama kitu kimoja, hivyo ya juu inajazwa kupita kiasi mpaka inachemka na ya chini haijai kamwe. Miezi michache zote mbili zimekufa na wewe unalaumu betri za kichina.

Dawa ni kuacha betri za gari kabisa na kuweka betri ya nyumba peke yake, nayo iwe ya volti 24. Lithiamu ya chuma-fosfeti, volti 25.6, Ah 100, inabeba kama kWh 2.5. Friji ya kompresa ya lita 45 (zinazokubali 12 na 24) kwenye joto lile inakula kama kWh 0.6 kwa siku, taa na simu na kamera weka 0.3. Mna siku mbili na ushee bila jua kabisa. Paneli mbili za wati 200 juu ya paa, ziungwe mfululizo, kontrola ya kuchaji ya MPPT ya ampia 20 inatosha. Ungechagua volti 12 ungehitaji ya 40 na waya mnene mara mbili. Ila pima kwanza volti za paneli zikiwa hazina mzigo, jumla yake isipite kiwango kilichoandikwa kwenye kontrola. Asubuhi ya baridi paneli hutoa volti nyingi kuliko mchana. Fyuzi iwe sentimita chache kutoka kwenye betri, isiwe upande wa pili wa gari. Inveta ya wati 500, na anayetaka pasi au birika la umeme abaki Tabora.

Paneli msizibane kwenye bati la paa moja kwa moja. Acheni nafasi ya vidole vitatu hewa ipite chini. Paneli ya moto inatoa umeme kidogo, na bati la moto linawapika nyinyi mliolala chini yake.

Uzito. Kibati cha gari kina uzito wa mwisho unaoruhusiwa, kisomeni. Gari lolote la zaidi ya kilo 3,500 linaingia mizani, na hili limo. Ukishatoa viti unajiona una nafasi isiyoisha, unaagiza vitanda vya mninga. Tumieni plaiwudi ya mm 12 na fremu ya bomba la mraba. Maji: watu wanne, lita 10 kila mtu kwa siku (4 za kunywa, 6 za kupika na kujisafisha), siku tatu za kujitegemea, jumla lita 120, na hizo ni kilo 120. Tangi likae chini, katikati ya ekseli mbili. Coaster ina mkia mrefu nyuma ya ekseli, na kila kilo inayowekwa mkiani inanyanyua pua. Usukani unakuwa mwepesi na breki za mbele zinapoteza mshiko. Pitisheni gari mizani likiwa na watu, maji na mafuta, siyo tupu.

Tangi la maji liwe na kuta za ndani za kuvunja mawimbi, au mtumie madumu ya lita 20 yaliyofungwa kwa mkanda. Lita 120 zikisukumana kwenye kona mtazisikia.

Gesi: mtungi wa kilo 6 unatosha watu wanne kwa chai na chakula cha jioni safari nzima ya kwenda, bebeni miwili. Msitegemee kubadilisha njiani, vichwa vya mitungi ya kule si lazima vikubaliane na regulata yenu. Kabati la mtungi liwe na tundu la chini la kutokea nje. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni chini ya vitanda, siyo darini. Mtungi ufungwe kabla gari halijawaka.

Matairi: sita mapya ya umri mmoja na spea mbili. Tarakimu nne za mwisho za DOT ubavuni ndizo umri, 3528 maana yake wiki ya 35 mwaka 2028. Tairi pacha za nyuma zina ugonjwa wake: ya ndani inaweza kuwa bapa na ya nje ikaendelea kubeba, hujui mpaka inapasuka kwa joto. Kila mnaposimama gusa zote nne kwa kiganja. Iliyo moto kuliko jirani yake ina tatizo. Chungulia pia jiwe lililonasa katikati.

Spea za kubeba: mkanda wa feni, chujio mbili za dizeli, mipira miwili ya rejeta, beringi za mbele seti moja, brashi za alteneta, kebo ya klachi kama yenu ni ya kebo au seti ya mipira ya silinda ya klachi kama ni ya oili, oili lita 5, kulanti lita 5. Na balbu za volti 24. Duka la spea za magari madogo litakuuzia ya 12 kwa moyo mweupe na itawaka sekunde moja.

Jeki ya chupa ya tani 5 na kipande cha ubao mpana cha kuwekea chini. Bila ubao, kwenye mchanga jeki inazama na gari linabaki palepale.

---

Mpakani

Fundi kamaliza gari, mimi nitasema karatasi na njia.

Karatasi kwanza. Kadi ya gari ikisoma "basi, viti 26" na ndani kuna vitanda, afisa ana haki ya kuuliza mnafanya biashara gani. Pelekeni TRA mapema, aina ya bodi na idadi ya viti zibadilishwe zilingane na kilichomo. Kama mmiliki hayumo safarini, barua yake yenye muhuri wa wakili. Cheti cha polisi kwamba gari si la wizi mkichukue kabla ya kutoka, na mkipitisha gari Tunduma hakikisheni linaandikishwa kuwa limetoka kwa muda, ili mkirudi lisihesabike kuwa ni gari jipya linaloingia. Kila nchi mtapewa kibali cha muda cha kuingiza gari, kina tarehe ya mwisho. Kitunzeni kama pasi, na mkitoka kipigwe muhuri wa kutoka. Kibali kisichofungwa ndicho kinachowakamata watu safari ya pili.

Kadi za njano ni mbili, msichanganye. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni bima ya COMESA, mnapewa na kampuni yenu ya bima hapa nyumbani, inafanya kazi Zambia. Botswana haimo kwenye mpango huo. Kule majeruhi wa ajali hulipwa na mfuko unaochangiwa kwenye bei ya mafuta, lakini mfuko huo haulipi gari ulilogonga wala la kwako. Kwa hiyo ongezeni bima ya nyongeza inayotaja Botswana kwa jina.

Zambia mlangoni kuna ada ya barabara kwa magari ya nje, kodi ya hewa ukaa na ushuru wa halmashauri, halafu njiani mageti ya kulipia kwa kwacha. Pembetatu mbili, kizima moto kilicho hai, viakisi vyeupe mbele na vyekundu nyuma.

Tunduma na Nakonde: foleni mnayoiona kuanzia mbali ni ya malori, gari la binafsi halikai humo. Vishoka watawakimbilia kabla hamjazima injini. Mkitaka wakala, ingieni ofisini kwake, mwenye leseni, mpatane bei, mpewe risiti. Pasi na kadi ya gari havitoki mikononi mwenu kwenda kwa mtu wa dirishani mwa gari.

Njia, umbali ni wa takriban:

Tabora–Mpanda kupitia Sikonge na Koga, km 355
Mpanda–Sumbawanga, km 240
Sumbawanga–Tunduma, km 225
Nakonde–Mpika, km 370
Mpika–Kapiri Mposhi, km 440
Kapiri Mposhi–Lusaka, km 205
Lusaka–Livingstone, km 475
Livingstone–Kazungula, km 70
Kazungula–Nata, km 300
Nata–Francistown, km 190
Francistown–Gaborone, km 430
Gaborone–Jwaneng–Sekoma na kushuka mwelekeo wa Tsabong, km 500

Jumla km 3,800. Kuna njia ya Maun na Ghanzi kutoka Nata, umbali haupishani sana, lakini Francistown na Gaborone kuna spea na mafundi, huko kwingine kuna ng'ombe.

Mkiwa Katavi, barabara inakatiza hifadhi. Fungeni vioo kwa ajili ya mbung'o, na nguo za bluu na nyeusi msizivae siku hiyo, zinawaita. Kipande cha Chinsali hadi Serenje upande wa Zambia kina mashimo yanayojificha kwenye vivuli vya miti, spidi 60 inatosha. Kazungula mtapita daraja jipya lililofunguliwa Mei 2021, huduma za nchi mbili ziko pamoja. Kutoka hapo hadi Nata ni nchi ya tembo. Wanavuka lami, hawana taa, na rangi yao usiku ni rangi ya lami. Mbele zaidi ni punda na ng'ombe. Ndiyo maana Mwalimu amesema usiku hakuna kuhama.

Botswana wana tochi na hawana utani: 60 kwenye makazi. Wana pia uzio wa mifugo wa kuzuia ugonjwa wa miguu na midomo. Ukishuka kutoka kaskazini, nyama mbichi na maziwa mabichi vinachukuliwa getini, mnakanyaga dawa kwa viatu na gari linapita kwenye dimbwi la dawa. Friji ifike Kazungula haina nyama. Nunueni Jwaneng.

Tarehe 25 ni Jumatatu. Ondokeni Jumamosi tarehe 9, wastani wa km 350 kwa siku, mna siku za akiba mbili au tatu za mpakani na za kubadili beringi.

---

Kijana wa Isevya

Kwa nini msiende ile ya tarehe 2 Agosti 2027 Misri? Luxor wanapata zaidi ya dakika 6, mara tatu ya hii.

---

Mpakani

Kijana, kwa ndege sawa. Kwa Coaster lazima uvuke Sudan, na vita vilivyoanza Aprili 2023 vimeifanya njia hiyo isiwe ya kupeleka familia.

---

Binti Ujiji

Nawasalimu nikiwa Kigoma. Kaka Mnyamwezi, kabla hamjauza mahindi yote kununua dizeli: tarehe 21 Mei 2031, miezi sita tu baadaye, kuna kupatwa kwa jua kunakopita Tanzania yetu hii hii, baada ya Angola, Kongo na Zambia. Si bora kusubiri? Pia naomba mtu aseme kuhusu macho. Huku kila likitangazwa tukio watu wanatafuta filamu za eksirei na vioo vya kuchomelea.

---

Mwalimu wa Fizikia

Dada, ya 2031 ni ya pete. Mwezi siku hiyo uko mbali kidogo na dunia, unaonekana mdogo kuliko jua, hivyo unabaki mviringo wa jua pande zote, kama ile ya tarehe 1 Septemba 2016 iliyopita Rujewa kule Mbarali. Ni nzuri, nami naishauri kwa shule zote, lakini giza haliji, taji la jua halionekani, na miwani haivuliwi hata sekunde moja. Ni matukio mawili tofauti. Mwenye uwezo aende yote, mwenye nauli moja achague anachotaka kuona.

Macho. Miwani iliyoandikwa ISO 12312-2, isiyo na mkwaruzo wala tundu. Ijaribu ndani ya nyumba: ukiivaa usione kitu isipokuwa taa kali sana, nayo kwa ufifi. Ukiona meza na watu, itupe. Kioo cha kuchomelea ni namba 14 tu ndiyo ninayoikubali; vioo vingi vinavyotumika gereji kwa kazi za kawaida ni namba 10 au 11, na havitoshi. Filamu ya eksirei, CD, kioo cha moshi na miwani ya jua hupunguza mwanga unaouona lakini hupitisha miali usiyoiona. Retina haina mishipa ya maumivu, hivyo mtu anaungua huku akisema "mbona haichomi". Darubini au kamera chujio lake liwe mbele, kwenye lenzi kubwa. Miwani ya karatasi nyuma ya darubini inatobolewa na joto papo hapo.

Utaratibu wa tarehe 25: miwani usoni muda wote jua linapomegwa. Kito kimoja cha mwisho cha mwanga kikizimika, vua. Upande wa kulia au kushoto kito kikichomoza tena, vaa. Awepo mmoja wenu anayesoma saa kwa sauti, sekunde 20 kabla ya mwisho aseme "miwani".

Kwa watakaobaki Tabora: siku hiyo jua litamegwa kiasi tu. Simameni chini ya mwembe mtazame ardhini, siyo juu. Kila upenyo kati ya majani unatupa picha ya jua, mtaona mamia ya vipande vilivyomegwa kwenye vumbi. Chekecheo la unga juu ya karatasi nyeupe linafanya kazi hiyo hiyo.

Jambo moja zaidi la 2030. Jua lilifika kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 mwaka 2024, hivyo mwishoni mwa 2030 litakuwa karibu na utulivu. Taji halitakuwa duara lenye miiba kila upande. Litarefuka pande mbili za ikweta yake, na kwenye ncha kutakuwa na nyuzi nyembamba. Msishangae picha zenu zisifanane na za 2024 za Marekani.

---

Lenzi Ndefu

Kwa mwenye kamera: ISO 200, f/8. Ndimi nyekundu za ukingoni 1/1000, taji la ndani 1/125, taji la nje 1/8 hadi sekunde 1. Iwekeni ipige mfululizo wa mwendo tofauti kwa kubonyeza mara moja. Fokasi ifanyeni mapema kwenye ukingo wa jua kukiwa na chujio, kisha mfunge pete ya lenzi kwa selotepu, maana joto la asubuhi linapanda haraka na mkono wa woga unagusa. Sekunde 15 kabla ya giza toa chujio, irudishe mara kito cha pili kinapotokea. Kamera isisimame juu ya paa wala hatua ya mlango wa Coaster: mtu akihama kitanda picha zote zinatikisika. Miguu mitatu chini, na begi la mawe limening'inizwa katikati yake.

Na fundi aweke swichi ya kuzima taa ya mlango. Coaster ikifunguliwa mlango inawaka ndani kama duka. Sekunde 100 za giza zikija na hiyo, majirani watawachukia.

---

Mnyamwezi wa Lami

Wakuu mmetutendea haki. Tumepiga hesabu ya wese: km 7,600 kwa km 6 kwa lita, lita 1,270. Tangi ni lita 95. Tubebe madumu mangapi? Na majaribio tufanyie wapi?

---

Fundi wa Cheyo

Ongeza asilimia 10 ya kuzunguka, kutafuta kituo na kupanda milima, weka lita 1,400. Tangi la lita 95 likiwa na mzigo ni km 500 salama, na kwenye njia aliyoitaja Mpakani hakuna pengo refu hivyo kati ya vituo. Madumu mawili ya lita 20 yanatosha, ya chuma, yafungwe nje nyuma, yasilale na nyinyi ndani. Kanuni iwe moja: tangi likifika nusu, kituo kinachofuata mnajaza. Jwaneng jazeni mpaka juu hata kama mlijaza Gaborone, maana asubuhi ya tarehe 25 kila mtu atataka kutoka kwa barabara ileile na vituo vidogo vitakauka. Pikeni chai, ondokeni mchana.

Dizeli ya kituo msichokiamini mimina kwanza kwenye chupa safi ya maji, iache dakika tano. Maji yanakaa chini, utayaona. Na chini ya chujio la 1HZ kuna kifunguo cha kumwagia maji. Taa yake ikiwaka kwenye dashibodi usiseme "tutafika kwanza". Pampu ya sindano inalainishwa na dizeli yenyewe, ikipata maji inakwaruzika.

Majaribio: nendeni bwawa la Igombe mlale usiku mbili, betri za gari zimezimwa, friji imejaa, watu wote wanne ndani. Halafu Tabora–Mpanda na kurudi mkiwa na uzito kamili. Mkirudi kazeni nati za magurudumu tena, kagueni springi za nyuma kwa jani lililopasuka, na pimeni upya mizani, maana kati ya Sikonge na Mpanda lazima mtu atanunua asali ya dumu zima.